Mzee wa Nyaya Anajibu: Harusi ya Jirani Kwenye Runinga Yetu

SWALI: Shikamoo Mzee wa Nyaya. Mimi ni karani wa SACCOS hapa Moshi. Juzi kamati ya mikopo ilikuwa kikaoni, meneja amerusha orodha ya wadaiwa sugu kwenye runinga ya chumba cha mikutano. Ghafla orodha ikapotea, ikaja video ya harusi, matarumbeta na vigelegele. Kumbe ni kijana wa duka la simu ghorofa ya chini, alidhani anarusha kwenye runinga yake. Wajumbe walicheka, mwenyekiti hakucheka. Sasa nina proforma tatu za vifaa vya kurushia skrini mezani: kidude kidogo cha bei chee, kiboksi cha bei ya kati, na mtambo wenye vitufe vya kuchomeka kwenye laptop, ambao bei yake imemtoa meneja jasho. Nichague upi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti wako ana akili. Kijana aliingia kwenye runinga yenu bila kupiga hodi, na kwa bahati yenu alikuja na harusi tu.

Runinga nyingi za siku hizi zina Miracast, ufundi wa kurusha skrini uliotoka mwaka 2012. Simu na runinga huongea moja kwa moja kwa Wi-Fi yao wenyewe, bila kupitia ruta ya ofisi. Kwa hiyo hata mkibadilisha nywila ya ofisi kila Jumatatu, jirani bado ataliona jina la runinga yenu kupitia ukutani au sakafuni. Kidude cha bei chee mara nyingi ni hadithi ile ile. Vilivyopita mikononi mwangu, vingi vilikuja na nywila 12345678, tena imeandikwa kwenye skrini wageni wote waisome. Proforma hiyo rudisha leo.

Kwa hizo mbili zilizobaki, usisaini kabla muuzaji hajaleta mzigo na kuuwasha chumbani kwenu. Chukua simu yako, shuka hadi duka la yule kijana, tafuta jina la kifaa. Likionekana si neno. Gusa jina, jaribu kuunganisha. Kifaa kizuri kitadai namba inayosomeka kwenye skrini iliyoko chumbani, na ukijaribu tena baada ya kikao namba iwe nyingine. Kama namba ni ile ile siku zote, wiki ya pili hata muuza chai ataijua.

Halafu mwombe akufungulie ukurasa wa mipangilio ya kifaa kwenye kompyuta. Niliwahi kuitwa ofisi moja ya mawakili Dar es Salaam, wanalalamika picha inakwamakwama. Nikaandika admin, na nywila admin, nikaingia. Kifaa kilikuwa na miaka mitatu ukutani. Sikuwa nimefanya ujanja wowote; mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi yao angeweza kukaa mapokezi akafanya hivyo hivyo. Nywila hiyo ibadilishwe siku ya kufunga kifaa, mbele yako, na uiandike wewe, si fundi.

Usidhani bei kubwa inamaliza kazi. Mwaka 2019 watafiti wa Tenable, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta udhaifu katika Crestron AirMedia, kifaa cha kurushia skrini, kisha wakaona programu ile ile imo ndani ya vifaa vya majina mengine kadhaa, Barco wePresent kikiwemo. Desemba ya mwaka huo huo F-Secure, kampuni nyingine ya usalama, wakatangaza matundu ndani ya ClickShare ya Barco, kifaa cha vitufe kama hicho chenu cha tatu, na kampuni ikatoa marekebisho. Ndiyo maana swali langu kwa muuzaji huwa moja: marekebisho yatakuja kwa miaka mingapi, na nani atakuja kuyaweka? Akianza kukuonyesha rangi za skrini, huyo hajui.

Suala la mtandao nalo. Kompyuta yenye leja ya wanachama isikae mtandao mmoja na kifaa hiki. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akija na laptop yake anatakiwa arushe taarifa yake bila kupewa nywila ya ofisi, basi kifaa kiwe upande wa wageni. Hapo mtakutana na kero: ruta nyingi huwazuia wageni wasionane, hivyo laptop ya mkaguzi haitakiona kifaa. Fundi atakwambia azime kinga hiyo. Kataa! Aruhusu njia ya kufikia kifaa hicho tu, na kama ruta yenu haiwezi, hapo ndipo mtambo wa vitufe unapopata sababu ya bei yake, maana kitufe huchomekwa kwenye laptop na kuongea na mtambo wake chenyewe. Vitufe vihesabiwe kama funguo za ofisi.

Kwa chumba kimoja na watu kumi, mimi ningechukua kiboksi cha kati, kikifaulu jaribio la dukani kwa kijana. Na ningenunua waya wa HDMI wa mita tano, wa kuunganisha laptop na runinga, ubaki droo ya meneja kwa siku ya kamati ya mikopo. Najua mtasema Mzee wa Nyaya lazima atetee nyaya. Wadaiwa wenu wana haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, waya hauna jirani. Leo jioni, kabla ya proforma yoyote, ingia kwenye mipangilio ya runinga na uzime kurusha skrini.

SWALI: Mzee, shuleni kwetu Tanga tuna Chromecast, kidude cha kurushia video kwenye runinga, chumba cha walimu. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaturushia katuni wakati wa kikao. Wanapitia wapi?

JIBU: Wanapitia Wi-Fi mliyowapa. Aliye kwenye mtandao huo anaruhusiwa kurusha, kifaa hakimwombi namba. Badilisheni nywila ya Wi-Fi ya walimu, na safari hii msiiandike ubaoni.