Jibu: Barua ya Goldbach inasema namba tatu, vitabu vinasema mbili

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kwa nini barua ya mwanahisabati Goldbach kwa mwenzake Euler ya tarehe 7 Juni 1742 inasema kila namba kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa tatu, ilhali vitabu vinasema kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili.

Nami nilikwama hapo hapo. Kwanza angalia wanavyoihesabu 1: Goldbach aliichukulia kuwa namba tasa, hivyo 3 kwake ni 1+1+1. Kisha isome barua pamoja na jibu la Euler la tarehe 30 Juni, ambamo anamkumbusha Goldbach kwamba yeye Goldbach ndiye aliyewahi kumwambia kuwa kila namba shufwa ni jumla ya namba tasa mbili, na kukiri kwamba ana hakika nalo ingawa hawezi kulithibitisha. Namba shufwa ikigawanywa katika namba tasa tatu, mojawapo lazima iwe 2; ukiiondoa, zinabaki namba tasa mbili ambazo jumla yake ni namba shufwa, kwa hiyo kauli hizo mbili zinakwenda pamoja.

Usiisome barua hiyo peke yake, kwa maana hawa walikuwa marafiki walioandikiana tangu 1729 hadi 1764, na Goldbach alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Euler. Ni Goldbach pia aliyemuuliza kuhusu namba za Fermat (zile za umbo 2^(2ⁿ)+1, ambazo Fermat alidhani zote ni tasa), swali ambalo, kwa maoni yangu, lilizaa matunda makubwa kuliko hili: Euler aligundua kwamba 2³²+1 inagawanyika kwa 641.