Keti Naye Kwanza: Wayahudi Wanavyofundisha Kumwongoza Mtu

"Mimi nimeshamwambia ukweli, shauri yake." Anayesema hivi bado hajamwongoza mtu. Katika Torati, amri ya kumkemea mwenzako (Walawi 19:17) inafuatwa papo hapo na ile ya kumpenda kama nafsi yako. Na kazi hiyo ni ngumu: Rabi Elazar ben Azaria alishangaa kama katika kizazi chake yupo hata mmoja anayejua kukemea.

Hillel, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, alifundisha usimhukumu mwenzako mpaka ufike mahali pake. Basi fika kweli. Kabla ya ushauri wowote, jua anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, nani anamsubiri nyumbani. Musa naye alitoka nje akaenda kuitazama mizigo ya ndugu zake (Kutoka 2:11) kabla hajaagizwa kuwaongoza.

Halafu tazama saa. Rabi Shimon ben Elazar alitaja nyakati nne za kujizuia: usimbembeleze mtu hasira yake ikiwa juu, usimfariji maiti wake akiwa bado mbele yake, usimhoji wakati anaweka nadhiri, usitafute kumwona siku ya aibu yake. Hiyo ya nne ndiyo inayovunjwa kuliko zote. Mtu amefumaniwa au amefukuzwa kazi, na jioni hiyohiyo wageni wamejaa mlangoni "kumpa moyo". Wengi wao wamekuja kutazama, na yeye anajua.

Kwenye msiba, siku 7 za shiva (matanga ya Kiyahudi), mfariji hukaa kimya mpaka mfiwa afungue kinywa. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini mchana na usiku kwa siku 7 bila neno, na hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini yamempata. (Wasemaji wa matangani, mmesikia?)

Kwa mgonjwa, Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, inakataza kumtembelea saa tatu za kwanza za mchana na saa tatu za mwisho. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kupiga hesabu, kwa kuwa saa zao zilihesabiwa kama zetu: usiende kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa tisa alasiri. Asubuhi mgonjwa huonekana ana nafuu, ukasahau kumwombea. Jioni huonekana amezidiwa, ukakata tamaa. Yaani huruma yako inayumbishwa na macho yako.

Ukifika, uliza kwanza. Rabi Yohanan alimuuliza mgonjwa kama mateso yake anayapenda. Akajibiwa: siyapendi, wala thawabu yake siitaki. Hakumhubiria. Alisema, "Nipe mkono," akamwinua. Baadaye yeye mwenyewe aliugua, ikabidi mwingine aje amwinue, kwa sababu mfungwa hajitoi gerezani. Mshauri asiye na wa kumshauri alikumbuke hilo.

Ikibidi kukemea, Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi (aliyefariki 1204), anaelekeza iwe faraghani, kwa sauti ya upole, na umweleze kwamba unasema kwa faida yake. Talmudi inafananisha kumwaibisha mtu hadharani na kumwaga damu: wekundu unatoka usoni, weupe unaingia. Kwa hiyo usimkanye kijana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kwa mafumbo. Kila mtu anajua anayesemwa.

Kosa la upande wa pili ni kuketi na mtu ukabaki hapohapo. Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810) alisimulia habari za mwana wa mfalme aliyejiona ni bata mzinga, akavua nguo na kuokota makombo chini ya meza. Mwenye hekima naye akavua, akaingia chini, akaokota naye, hadi wakazoeana. Ndipo akaitisha mashati mawili: kwani bata mzinga hawezi kuvaa shati? Suruali hakuziitisha siku hiyo. Zilikuja baadaye, kisha chakula cha watu, na meza ikawa ya mwisho.