Barua kwa mwanangu: Jumba la simu la Shangani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako kutoka Maskati imefika, nasi sote hatujambo. Umeniuliza mbona wenye hoteli ya Serena pale Shangani hawakubomoa wakajenga upya, na fedha walikuwa nazo. Najua unaulizia nyumba ya marehemu bibi yako.

Hoteli ile ni majumba mawili ya zamani. Moja walikaa madaktari wa Kichina, ambao China ilianza kutuletea mwaka 1964. Jingine ni Extelcoms, jumba la simu za maandishi la Waingereza. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban ulipitishwa Unguja mwaka 1879, na mwaka 1893 ukatandazwa mwingine kwenda Shelisheli na Morisi. Kabla ya waya ule wa kwanza habari ya London ilingoja meli. Kulivunja jumba la namna hiyo kungekuwa hasara kwetu sote.

Kazi ya waya ilipokwisha, jumba likachakaa. Watu wa Aga Khan wakalifufua, hoteli ikafunguliwa 1997, miaka mitatu kabla Mji Mkongwe haujaingia kwenye Urithi wa Dunia. Linaniuma kwamba wengi wetu tunaliona kwa nje tu. Hata hivyo nafurahi limesimama, maana sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la masultani, ilipoporomoka Desemba 2020 nililia.

Sasa yetu. Kuta za bibi yako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, boriti haifiki mbali. Chokaa hunyonya unyevu kisha huutoa. Ukipiga lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi inatafuna jiwe, na vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta bila mtu kuviona. Pale sebuleni, ukigonga ile lipu aliyoiweka fundi wa mwisho, inalia kitupu, na ukiibandua unga mweupe unamwagika.

Kwa hiyo usitume fedha za saruji. Nitakwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali, tutafute fundi wa chokaa, tuanze na paa, kwani maji yanaingilia juu. Habari ya kuigeuza nyumba kuwa hoteli tutaizungumza baadaye, wewe na ndugu zako mkiwapo.

Baba yako