Maswali na Majibu: Yaliyotokea 26 Aprili

Nimeandika kwenye bango la shule kwamba Muungano ulisainiwa 26 Aprili 1964. Mwalimu mwenzangu anakataa. Nani yuko sahihi?

Mwenzako. Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume walisaini Hati za Muungano tarehe 22, Zanzibar. Bunge la Tanganyika likaridhia tarehe 25, Muungano ukaanza rasmi tarehe 26, na udongo ukachanganywa tarehe 27 Dar es Salaam. Siku nne, vitendo vinne. Swali hili hurudi kila Aprili kwa sababu watu wananakili tarehe bila kuuliza ni ya kitendo gani. Kabla hujaandika tarehe, tafuta kitenzi chake: kusaini, kuridhia, kuanza au kutangaza. Na usiandike "Tanzania ilizaliwa" 26 Aprili. Jina hilo lilikuja 29 Oktoba.

Shakespeare alizaliwa 26 Aprili?

Alibatizwa 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. 23 Aprili ni makisio tu. Isitoshe, hiyo 26 ni ya kalenda ya Juliani, kalenda ya zamani ambayo Uingereza iliiacha mwaka 1752. Kwa kalenda tunayotumia sasa, ongeza siku 10, utapata 6 Mei. Tarehe za Juliani za karne ya 19 huongezwa siku 12, za karne ya 20 siku 13. Ndiyo maana mapinduzi ya Urusi ya 25 Oktoba 1917 yaliadhimishwa 7 Novemba. Ila hakikisha kwanza kwamba kitabu unachonakili hakijazibadilisha tayari. Kosa kubwa ni kuongeza mara mbili.

Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ni 25 au 26?

Tarehe 26, mwaka 1986, saa 7:23 usiku kwa saa za Moscow. Dar es Salaam ilikuwa saa 6:23 usiku. London bado tarehe 25, saa 4:23 usiku. Fuata saa za mahali pa tukio.

Darasani kwetu tuko 40, na wawili tumezaliwa tarehe na mwezi mmoja. Si ajabu hiyo?

Hapana. Kwa watu 23 uwezekano wa angalau wawili kulingana umeshapita nusu. Kwa 40 ni karibu asilimia 89.

Mbona wazee wengi wamezaliwa 1 Januari?

Hawakuzaliwa siku hiyo. Mwaka tu ndio uliojulikana, karani akajaza siku na mwezi kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu. Ukiandaa orodha ya siku za kuzaliwa, kwa wazee hao andika mwaka peke yake. Na kwa walio hai, wazee au vijana, usibandike mtandaoni tarehe kamili pamoja na majina matatu: matapeli huanzia hapo.