Mfano wa embe uacheni, walimu wenzangu

Kwa miaka mingi niliwaeleza wanafunzi wangu wa fizikia kwamba wanasayansi hugonganisha protoni, chembe za kiini cha atomu, ili waone kilichomo ndani, kama mtu anayepasua embe aifikie kokwa. Darasa likaelewa, nami nikaridhika. Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema chembe iitwayo Higgs ina tungamo zaidi ya mara 130 ya protoni. Sasa ilikaaje ndani ya protoni?"

Sikuwa na jibu. Kokwa gani inashinda uzito wa maembe 130?

Ndiyo maana nawasihi: mfano huo uacheni. Higgs haikuwamo ndani. Huzaliwa palepale protoni zinapogongana, kwa sababu nishati inaweza kugeuka tungamo, kama Einstein alivyoonyesha. Mashine ya CERN, maabara ya utafiti wa chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imejengwa ili kurundika nishati nyingi mahali padogo mno: njia ya duara ya kilomita 27 chini ya ardhi, sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, protoni zikizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde.

Kwa nini protoni zikutane uso kwa uso, badala ya moja kugonga nyingine iliyotulia? Hapa msiongee sana, onyesheni. Ning'iniza madonge mawili ya udongo mbichi, yenye uzito sawa, kwa nyuzi. Vuta moja, liachie ligonge lililotulia: yatanata na kuendelea kubembea pamoja, yaani sehemu ya nishati imebaki kwenye mwendo. Sasa vuta yote mawili sawasawa, kila moja upande wake, uyaachie kwa pamoja. Yanasimama katikati, pa! Nishati yote ya mwendo imetumika pale pale. Darasani kwangu huwa wananyamaza kwanza, kisha wanaomba nirudie.

Na lazima itengenezwe, kwani Higgs haichimbwi popote. Ikizaliwa hutoweka papo hapo, yakabaki mabaki ya kuhesabiwa. Ilitabiriwa mwaka 1964, ikatangazwa kuonekana tarehe 4 Julai 2012, baada ya migongano isiyohesabika.

Mzazi au mtoto akiuliza faida yake, msikimbilie kusema wavuti ilibuniwa CERN mwaka 1989. Ni kweli, lakini mashine haikujengwa kwa ajili hiyo. Mpeni sababu yenyewe: bila uga wa Higgs, kile kilichotanda kila mahali ambacho chembe hiyo ni mtikisiko wake, elektroni isingekuwa na tungamo, atomu zisingeshikamana, na dawati analoliegemea lisingekuwepo.