Dila Akikosea: Mambo ya Kujua Kabla Hujakaa Meza ya Poka

Dila, yaani mgawaji wa karata, akigawa muda mrefu, kuna mahali atakosea. Atapeleka karata kiti kisicho chake, atafungua flopu (karata tatu za kwanza za mezani) kabla mtu wa mwisho hajaamua, atahesabu vibaya fungu la chipu lililo katikati. Mgeni wa meza za Posta au Masaki hapa Dar es Salaam, hasa aliyejifunzia poka kwenye simu ambako programu ndiyo inayogawa, akiona kosa hufanya moja kati ya mawili: hunyamaza kwa aibu, au hupaza sauti na kunyoosha mkono kwenye karata. Yote mawili yanamgharimu. Kosa la dila husahihishika, lakini lina muda wake, na muda huo hupita haraka.

Neno la kwanza ni "subiri". "Dada, samahani, subiri kidogo" inatosha. Liseme kwa sauti ya kusikika na meza nzima, kisha rudisha mikono yako kwako. Usirudishe karata kwa dila, usisukume chipu, usimwelekeze afanye nini. Kila karata iliyobaki mkononi mwake ina nafasi yake, na supavaiza, msimamizi wa meza, ataweza kurekebisha tu ikiwa bado inajulikana ipi ilikuwa wapi. Wasaidizi watatu wakishagusa karata, kosa la kurekebisha kwa sekunde ishirini hugeuka mgogoro wa kwenda kutazamwa kwenye kamera.

Maneno ya mezani ni kucheki (kupitisha bila kuweka chipu), kukoli (kufuata beti iliyowekwa), kureizi (kuipandisha) na kufoldi (kutupa karata), nami nitayatumia hivyo hivyo. Kanuni ninazozieleza hapa ni za poka ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili zake na mezani hufunguliwa tano za wote. Nyingi zinafanana na zile za Tournament Directors Association, chama cha waongozaji wa mashindano kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001. Ukumbi unaweza kuwa na kanuni zake; uliza kabla ya kununua chipu, si katikati ya ugomvi.

Tuanze na ugawaji. Karata ya kwanza au ya pili kutoka ikifunuka kwa kosa la dila, ugawaji huo umevunjika: karata zote hukusanywa, huchanganywa na kugawiwa upya. Vivyo hivyo zikifunuka karata mbili au zaidi. Lakini ikifunuka moja tu baadaye, ugawaji unaendelea. Ikiwa ni yako, huruhusiwi kubaki nayo hata ikiwa Esi, karata kubwa kuliko zote. Dila akimaliza kugawa atakupa ya juu inayofuata, na ile iliyofunuka ndiyo itakayochomwa, yaani kuwekwa kando bila kutumika, kabla ya flopu. Ukiifunua mwenyewe kwa kuinua vibaya, hiyo ni yako, cheza nayo.

Karata zako zikiwa tatu, au ikiwa moja tu, sema hapo hapo kabla hujazitazama vizuri. Wageni wengi hukwama hapa. Wanasubiri zamu yao ifike ndipo waseme, na pengine wawili mbele yao wameshacheza. Kanuni inasema hivi: wachezaji wawili wakishacheza kwa zamu na angalau mmoja akaweka chipu, au wakishacheza watatu kwa namna yoyote, ugawaji hauwezi tena kutangazwa kuwa umevunjika. Blaindi, zile beti za lazima za kuanzia, hazihesabiwi humo. Baada ya hapo aliye na karata tatu mkono wake umekufa, hachezi tena, na chipu alizokwisha kuweka hazirudi. Kwa hiyo hesabu karata zako mara tu zinapotua: mbili, basi.

Kwenye flopu kosa linalojirudia ni kufungua mapema, mtu mmoja hajaamua bado. Hapo hakuna anayepoteza haki yake ya kucheza. Karata tatu zilizofunguliwa hurudi kwenye zilizobaki, ile iliyochomwa hukaa pale pale ilipo, watu humaliza kubeti, kisha karata huchanganywa na flopu mpya hufunguliwa bila kuchoma tena. Karata ya nne ikifunguliwa mapema utaratibu ni mwingine, na hapa ndipo meza hulalamika kwamba imeibiwa. Ile iliyowahi huwekwa kando. Kubeti kukiisha, dila huchoma karata na kufungua inayofuata, yaani ile ambayo ingekuwa ya tano, ishike nafasi ya nne. Wakishabeti tena, ile iliyokuwa kando hurudishwa kwenye zilizobaki, zinachanganywa, na ya tano hufunguliwa bila kuchoma. Ya tano yenyewe ikiwahi, hurudishwa tu, zinachanganywa, inafunguliwa nyingine. Lengo ni kwamba karata iliyokwisha kuonekana isipotee kabisa: bado inaweza kutoka. Supavaiza akifanya hivyo hakudhulumu, hata kama ile iliyoondolewa ilikuwa ndiyo inayokukamilishia mkono.

Dila akisahau kuchoma, au akichoma mbili, husahihishwa iwapo hakuna aliyebeti kwenye duru hiyo. Mtu akishacheza, karata iliyo mezani inabaki. Flopu ikitoka na karata nne, usikubali dila aondoe ile anayodhani imezidi. Aitwe supavaiza. Kumbi nyingine hugawa flopu upya, nyingine huchanganya hizo nne zikiwa zimelala kifudifudi na supavaiza huchagua moja iwe ya kuchomwa kwa karata inayofuata.

Kosa linalochukua fedha nyingi kuliko yote haya ni kusoma mkono vibaya mwishoni. Chukua mfano huu. Mezani kuna Mfalme, Mfalme, saba, saba, mbili. Wewe una Esi na tisa, mwenzako ana nne mbili. Mwenzako anaonyesha jozi yake, mtu anasema "jozi tatu hizo!", na dila mchovu anaanza kumsogezea fungu. Mkono wa poka ni karata tano tu. Yeye ana Wafalme wawili, saba mbili na nne. Wewe una Wafalme wawili, saba mbili na Esi. Umeshinda. Lakini ikiwa umekata tamaa ukazitupa karata zako kifudifudi zikachanganyika na zilizotupwa, umeshinda bure. Laza karata zako mbili wazi mezani, ziache hapo, usiziachie mpaka fungu limefika mbele yako. Karata zilizo wazi hujisemea zenyewe, hata kama wewe au dila mmezitaja vibaya.

Katika kusoma karata zilizo wazi, mtu yeyote mezani anaruhusiwa na anapaswa kusema, hata aliyekwisha kufoldi. Akiona fungu linakwenda pasipo pake, aseme. Muda wa kudai unakwisha mkono mpya, yaani ugawaji unaofuata, unapoanza, na mkono mpya huanza dila anapochanganya karata kwa mara ya kwanza. Ukijivuta kwa kuona haya, karata zikishachanganywa hakuna wa kukurudishia.

Fungu la pembeni nalo huwachanganya madila wapya. Wachezaji watatu wanaingiza chipu zote: wa kwanza 30,000, wa pili 70,000, wa tatu 100,000. Tuziache blaindi. Fungu kuu ni 30,000 mara tatu, yaani 90,000, na wote watatu wanaligombea. Fungu la pembeni ni 40,000 mara mbili, yaani 80,000, la wa pili na wa tatu peke yao. Zile 30,000 za wa tatu zilizobaki hazikufuatwa na mtu, zinarudi kwake kabla ya kitu kingine chochote. Wa kwanza akishinda mkono anachukua 90,000, hata shilingi moja zaidi si yake. Fanya hesabu hii kichwani kila mara watu wawili wanapoingiza zote, na ukiona mafungu yamechanganywa, sema kabla karata hazijafunguliwa.

Sasa jambo linalowaudhi wengi: dila akitaja kiasi kisicho sahihi. Mpinzani ameweka 60,000, dila anasema "arobaini", nawe unasema "koli". Kwa kawaida unadaiwa 60,000, kwa sababu mwenye wajibu wa kujua anachokifuata ni wewe. Tofauti ikiwa kubwa mno supavaiza anaweza kuliangalia upya, lakini usitegemee. Omba chipu zitandazwe, zitazame kwa macho yako, rudia kiasi kwa sauti, ndipo ujibu.

Lugha nayo ina mitego yake Dar. "Sawa" ya Kiswahili hujibu kila kitu: nimesikia, nakubali, endelea. Mtu akikubetia nawe ukasema "sawa" huku unafikiri, mwenzako ana haki ya kudai umekoli, na jibu lisiloeleweka hubebwa na aliyelitoa. "Haya" na "twende" ni hivyo hivyo. Tumia yale maneno manne au kaa kimya. Ukitaja kiasi, kitaje chote: "elfu tano", si "tano", maana meza yenye chipu za mia tano na za elfu tano haitajua ni ipi. Na ukirusha chipu moja ya 10,000 kwenye beti ya 2,000 bila kusema neno, hiyo ni koli, utarudishiwa 8,000. Unataka kureizi? Sema kwanza, chipu zifuate, tena kwa mkupuo mmoja.

Meza hizi hukaa watu wa lugha nyingi, na kumbi nyingi hutaka lugha moja tu wakati mkono unaendelea. Kumnong'oneza rafiki yako kwa Kisukuma au Kigujarati, hata kama mnaongelea foleni ya Mwenge, kunaonekana kama mnapeana habari. Aliyelelewa kwenye vibaraza vya bao na vijiwe vya karata hapa hupata tabu, kwa sababu kule mtazamaji ni nusu ya mchezo na kila mtu anashauri. Poka ni mchezaji mmoja kwa mkono mmoja. Ukiwa umefoldi, usitaje ulichotupa, usihemee karata ikitoka.

Karata zako zilinde kwa kuweka chipu juu yake. Dila akizifagia kwa bahati mbaya kwa kuwa hazikuwa na kitu, mkono umekufa na huna dai. Wanaopatwa zaidi ni wa viti vya karibu naye, cha kwanza na cha mwisho. Chipu zako kubwa zikae mbele, zionekane. Usizimwage katikati ya fungu. Ziweke mbele yako zihesabike, dila atazivuta mwenyewe.

Dila hachagui karata. Kumrushia karata au kumtukana baada ya kupoteza humfanya atetemeke, akosee zaidi, na gharama inarudi mezani kwenu wote. Ana kamera juu yake na supavaiza mgongoni. Mwite dada, kaka au mzee kama ungemwita mtaani, na ukishinda fungu zuri bakshishi ya chipu moja ni uungwana, si deni.

Supavaiza akifika, ongea mmoja mmoja. Aeleze dila kwanza, kisha anayelalamika: nani alikuwa na zamu, karata ipi ilitoka, chipu ngapi zilikuwa wapi. Usiseme ulikuwa na karata gani ikiwa mkono bado unaendelea. Akishaamua, cheza kwa uamuzi huo hata kama hukubaliani nao. Andika saa na namba ya meza, umfuate meneja wakati wa mapumziko na uombe kamera itazamwe. Kwa sababu hiyo kaa ukumbi wenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003 na inayokataza aliye chini ya miaka 18. Meneja akikupuuza, malalamiko yako yana ofisi ya kupelekwa, na ipo hapa hapa mjini.