Karafuu Pemba: twende lini?

SWALI: Tuko wanane, tunataka kwenda Pemba kuona karafuu inavyochumwa na kuanikwa. Twende lini, na tuepuke nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mavuno makubwa huanza Julai. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, kwa hiyo pigeni simu kwanza kwa mwenye shamba. Fikeni saa moja asubuhi. Wachumaji huanza mapema, na jioni ndiyo kazi ya kuchambua.

Tazameni rangi: tumba huchumwa likiwa limejaa na kuanza kuwa jekundu, kabla ya ua kufunguka. Likishafunguka, karafuu inakosa kichwa na bei inashuka. Msipande mti hata mkikaribishwa. Matawi ya mkarafuu huvunjika ghafla, ndiyo maana mchumaji huyavuta kwa upembo, fimbo yenye ncha iliyopinda.

Jioni kaeni na wachambuaji mjaribu kutenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vinavyoshika matumba. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kiwandani Chake Chake. Karafuu huanikwa juani siku nne hadi sita, na kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Ikilundikwa mbichi usiku kucha hupata joto, ikachacha na kupauka. Iliyokauka vizuri hukatika kwa mlio ukiikunja.

Tafadhali msikanyage majamvi, hata yakiwa kando ya barabara: hapo pameanikwa ada za shule. Wala msinunue magunia shambani, kwani mnunuzi wa karafuu kisheria ni shirika la serikali, ZSTC.